Lebo ya Boriti: Jina, Kipimo na Sarufi katika Michoro ya Nyumba

Uhakiki wa istilahi za Kiswahili umezoea kuanzia kwenye orodha. Tangu BAKITA ianze kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na hata baada ya TUKI kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, swali lililotawala mijadala limekuwa lile lile: neno hili la kigeni liitwe nini kwa Kiswahili? Swali la pili limeulizwa kwa nadra: neno hilo likishapatikana, litakaa katika maandishi ya namna gani, na litasomwa na nani? Maandishi mafupi ya kazini, kama vile risiti, vibandiko vya dawa, na maneno yaandikwayo pembeni mwa michoro, hayakupata wahakiki. Lebo ya boriti katika mchoro wa nyumba ni mojawapo ya maandishi hayo. Huwa na maneno mawili au matatu na tarakimu chache, lakini humo hukutana leksikografia, sarufi, na usalama wa watu watakaolala chini ya mbao hizo.

Katika ramani ya dari, ya paa au ya sakafu ya ghorofa, boriti huchorwa kama mistari sambamba inayotoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kando ya mistari hiyo huandikwa maelezo yanayomwambia fundi mbao ni ya kipimo gani, ipangwe kwa umbali gani, na pengine zitakuwa ngapi. Enzi za meza ya kuchorea, maelezo hayo yaliandikwa kwa mkono, na mchoraji aliweza kuandika alivyotaka. Katika programu za leo za uundaji wa taarifa za majengo mambo yamegeuka. Mfano ni Revit, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002. Humo boriti si mstari tena. Ni kitu kilichosajiliwa, chenye aina, upana, kina, urefu na alama yake. Lebo nayo haina maneno yake yenyewe. Huenda kwenye sajili ya boriti husika, ikachukua taarifa ilizoagizwa kuchukua, na kuzionyesha kwenye karatasi. Boriti ikibadilishwa kipimo, lebo zake zote hubadilika bila mtu kuzigusa. Basi kuirekebisha lebo si kuandika maneno. Ni kuamua taarifa zipi zitokee, kwa mpangilio upi, zitanguliwe na nini, zifuatwe na nini, na mstari ukatwe wapi.

Wachoraji wengi huichukulia kazi hiyo kuwa ya urembo wa karatasi: ukubwa wa herufi, unene wa mshale, duara au mraba. Kwa hakika ni kazi ya lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kikiingizwa humo kwa kufasiri istilahi tu, bila kuchunguza jinsi lebo inavyojengwa, matokeo yake yatakuwa maneno sahihi yanayomfikisha fundi pasipo sahihi.

Mfano ulio karibu ni komini ya Kenya. Msomaji wa Nairobi asishangae: Kenya hii si jamhuri ile ya mashariki, bali ni mojawapo ya komini za Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, yenye soko na uwanja wa mpira vinavyojulikana na mji mzima. Nyumba nyingi za humo ni za matofali na mabati, zisizo na ghorofa; mbao zinazopangwa sambamba huonekana juu ya kuta, zikibeba dari na paa, kuliko chini ya sakafu. Mchoro wa nyumba hizo, pale unapokuwapo, huandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Maelezo yanayotolewa chini ya ukuta huwa ni kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Majina ya mbao zenyewe ni ya Kifaransa yaliyokwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili: madriye, shevroni. Katiba ya mwaka 2006 inakihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na wajibu wa serikali wa kuziendeleza umeandikwa humo. Hata hivyo kati ya karatasi na ngazi ya fundi hakuna Kiswahili kilichoandikwa. Kuna msimamizi anayefasiri kwa mdomo, na siku asipokuwapo kazi husimama, au huendelea kwa kubahatisha.

Programu yenyewe inapatikana kwa Kifaransa, Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Watu wengi huishia hapo, wakisubiri kampuni ya ng'ambo ione faida ya kutafsiri menyu. Ni kusubiri kusiko na sababu. Menyu humhusu mchoraji, ambaye Kifaransa amekisoma. Lebo humhusu fundi, na ndani ya lebo mtumiaji yu huru kuandika lugha aitakayo, kwa kuwa majina ya aina za boriti, pamoja na maneno yanayotangulia na kufuata kila taarifa, huandikwa na mchoraji mwenyewe. Kiswahili kinaweza kutokea kwenye karatasi kesho bila idhini ya mtu yeyote. Kinachokosekana ni makubaliano juu ya namna ya kukiandika.

Ugumu wa kwanza umo katika neno dogo ambalo hakuna kamusi ingelishuku, yaani nafasi. Programu hutoa kanuni nne za kupanga boriti: kwa umbali wa kudumu, kwa idadi ya kudumu, kwa umbali usiozidi kiasi fulani, na kwa uwazi ulioachwa kati ya boriti moja na nyingine. Kanuni ya kwanza hupima kutoka katikati ya boriti hadi katikati ya ifuatayo. Ya nne hupima kutoka ubavu hadi ubavu. Kifaransa kina neno 'entraxe' kwa kipimo cha kwanza, na michoro ya jadi ya Kiingereza hutia herufi c/c. Kiswahili kikiandika 'nafasi 400', kinaweza kumaanisha chochote kati ya viwili hivyo, na kwa masikio ya wengi nafasi ni uwazi, ni pale mtu anapoweza kupita au kuweka kitu.

Tuseme boriti ina upana wa milimita 50, na kutoka katikati ya boriti ya kwanza hadi katikati ya boriti ya mwisho kuna mita 3.6. Zikipangwa katikati hadi katikati kwa milimita 400, yanapatikana mapengo 9 na boriti 10. Fundi akilisoma lile neno kama uwazi, ataacha milimita 400 tupu, ataongeza milimita 50 za mbao, na hatua yake itakuwa milimita 450. Mapengo yatakuwa 8, boriti 9. Hesabu inaingia sawasawa mpaka ukutani, hakuna kipande kilichobaki cha kumshtua. Boriti moja imepotea, na kila iliyobaki katikati inabeba mzigo ulioongezeka kwa sehemu moja ya nane. Chini ya dari nyepesi huenda lisitokee lolote. Chini ya sakafu ya ghala ni jambo jingine. Kwa hiyo neno nafasi lifukuzwe kwenye lebo kabisa. 'Kati kwa kati' linafaa zaidi: ni fupi, halihitaji maelezo, na kila mwenye kushika futi ya kukunja hulielewa kwa kidole.

Mtu anaweza kudai kwamba mahitaji haya ya usahihi ni mageni kwa Kiswahili, na kwamba ndiyo sababu Kifaransa kinahitajika. Dai hilo linakanushwa na historia ya neno boriti lenyewe. Ili kuiona historia hiyo hapana budi kutoka Katanga na kwenda pwani, kwenye mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji, ambako kwa karne nyingi miti ilikatwa kwa ajili ya majumba ya mawe na kwa ajili ya majahazi yaliyoipeleka Uarabuni na Ghuba. Wakataji na wauzaji hawakuita miti yote miti. Walikuwa na mfululizo wa majina uliofuata unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Fito ndiyo nyembamba kuliko zote, banaa ndiyo nene kuliko zote. Boriti ilizidi mazio na kupungukiwa na nguzo. Kwa vipimo vya leo kipenyo chake kilikuwa kiasi cha sentimita 12 au 13. Hesabu ilifanywa kwa korija, yaani miti 20.

Katika mfumo huo, jina lilikuwa kipimo. Mwenye kuagiza korija tatu za boriti hakuhitaji kutaja unene, na aliyepelekewa mazio alijua mara moja kwamba amepunjwa. Hata umbo la vyumba lilifuata: upana wa chumba katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja ulibanwa na urefu ambao boriti ya mkoko iliweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa, ambao ni kiasi cha mita 3 au pungufu, na vyumba virefu vyembamba vya miji ya Ghuba vina asili hiyo hiyo. Programu ya kompyuta inapomtaka mchoraji achague 'aina' kabla ya kuchora boriti, na aina hiyo iwe imebeba kipimo ndani yake, inamtaka afanye alichokuwa akifanya dalali wa Lamu. Tofauti ni kwamba dalali alikuwa na lebo kichwani, na lebo yenyewe ilikuwa neno moja.

Biashara hiyo ilififia, na serikali ya Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Maneno yalibaki, lakini yalibaki yametawanyika. Kamusi zikipanga maneno kwa alfabeti, banaa hukaa mwanzoni, nguzo mbali huko baadaye, na hakuna kinachomwonyesha msomaji kwamba hayo yalikuwa madaraja ya ngazi moja. Lawama hapa si ya mtunga kamusi mmoja. Ni ya desturi nzima ya kukusanya maneno bila kukusanya mifumo. Boriti, likiwa limeng'olewa katika mfululizo wake, limegeuka kuwa jina la mbao au mti wowote mnene unaobeba kitu juu. Hata kile kiungo kikuu kinachozibeba boriti zenyewe, ambacho kwa Kifaransa ni 'poutre' na kamwe si 'solive', nacho leo huitwa boriti. Mhimili lipo, na lingefaa kwa kiungo hicho, lakini wengi huyachanganya mawili hayo kana kwamba ni visawe.

Mchanganyiko huu unaweza kuvumilika katika riwaya. Katika lebo hauvumiliki, hasa kwa sababu ya desturi ya kufupisha. Mchoraji hutia herufi moja na namba, kisha akaorodhesha maelezo kamili katika jedwali. Mhandisi aliyesomea Nairobi au Dar es Salaam akiona B1 huielewa kuwa kiungo kikuu, kwa kuwa B ndiyo herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza 'beam'. Mchoraji aliyeifupisha boriti kwa B1 alikusudia mbao ndogo zinazolala juu ya kiungo hicho. Tangu mwaka 2022, ambapo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, karatasi za pande hizi mbili zina sababu zaidi ya kukutana juu ya meza moja.

Ufupishaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini, maana unafichua jambo linalohusu umbo la neno la Kiswahili. Lugha za Ulaya hufupisha kwa herufi ya kwanza kwa sababu herufi hiyo ni ya mzizi. Katika Kiswahili herufi ya kwanza mara nyingi ni ya ngeli. Mhimili, mwamba, mbati, mtambaapanya: vyote vinne ni viungo vya paa au vya juu ya ukuta, na vyote vinne vitafupishwa kwa M. (Kwa kupitia tu, mtambaapanya ni jina ambalo hakuna kamati ingeweza kulibuni likawa bora zaidi: ni ule mti mrefu unaokatiza juu, ambao panya huutumia kuwa njia yake ya usiku.) Mvutano huu unafanana na ule wa zamani miongoni mwa watunga kamusi za lugha za Kibantu, juu ya kama maneno yapangwe kwa viambishi au kwa mizizi. Watunga kamusi za Kiswahili walichagua neno zima, na walikuwa na haki, kwa vile msomaji hutafuta neno kama alivyolisikia. Kwa lebo uamuzi unaofaa ni kinyume chake. Mhimili uwe H na mtambaapanya uwe T. Na pale ambapo nafasi kwenye karatasi inatosha, jina liandikwe zima na ufupisho uachwe. Namba tupu inayomrudisha fundi kwenye jedwali lililo katika karatasi nyingine, ambayo huenda ilibaki ofisini, ni lebo iliyoshindwa kazi.

Sarufi inaleta ugumu wa aina nyingine. Dirisha la kurekebisha lebo humruhusu mchoraji kutia kile ambacho programu, kwa Kifaransa, inakiita kiambishi awali na kiambishi tamati cha kila taarifa. Jina limetoka katika isimu, lakini kiambishi cha programu hakijui ngeli. Ni kipande cha maandishi kinachogandishwa mbele au nyuma ya chochote kitakachotokea. Tuchukue taarifa ya kawaida kabisa, kwamba kiungo fulani ni kipya au kilikuwapo kabla ya ukarabati. Kiswahili sanifu kinadai boriti mpya, pao jipya, kikingi kipya, mhimili mpya. Lebo moja itumikayo kwa viungo vyote haiwezi kuchagua. Kuhamia kwenye kihusishi hakusaidii, maana hapo kuna boriti ya zamani, pao la zamani, kikingi cha zamani. Mashine itachapisha umbo moja kila mahali, na nusu ya karatasi itakuwa na makosa ambayo mtoto wa shule ya msingi atayacheka.

Wapo wanaochukua ushahidi huo kuthibitisha kwamba Kiswahili hakielewani na kompyuta. Wanasahau kwamba Kifaransa nacho kina jinsi. Boriti kwa Kifaransa ni ya kike na nguzo ni ya kiume, na sifa yenye maana ya 'iliyopo' hubadilika mwisho wake kufuatana na hizo. Wachoraji wa Kifaransa wameliepa tatizo kwa kukata neno kabla ya kufika penye mwisho wenye jinsi, wakaweka nukta. Hakuna aliyewashutumu kwa kuharibu lugha. Lebo ni simu ya maandishi, kama telegramu ya zamani, na kila lugha iliyoingia humo imejitengenezea sarufi ya kubania. Kiswahili kinaweza kufanya vivyo kwa njia iliyo safi zaidi, yaani kuacha sifa na kutumia nomino au tarakimu. Badala ya 'mpya' na 'ya zamani', iandikwe 'awamu 2' na 'awamu 1'. Badala ya idadi kwa maneno, ambayo hudai mawili, viwili au mbili, ziandikwe tarakimu. Mpangilio wenyewe hauna shida, na hapa mchoraji wa Lubumbashi ana nafuu kuliko mwenzake wa Mombasa. Kiingereza hutanguliza kipimo, kikafuatisha jina. Kifaransa hutanguliza jina kama Kiswahili kifanyavyo. Kiolezo cha lebo cha Kifaransa kinaweza kupokea maneno ya Kiswahili bila kuvunjwa.

Lakini kuna hasara katika kuacha upatanisho, na hasara hiyo haizungumzwi. Upatanisho wa kisarufi si urembo. Unarudia taarifa ile ile mara mbili au tatu ndani ya sentensi ili msikilizaji aliyepoteza silabi moja kwa kelele aipate katika nyingine. Lebo isiyo na upatanisho haina akiba hiyo. Tarakimu moja ikififia kwenye karatasi iliyolowa, hakuna kitu kingine cha kuisahihisha. Kwa hiyo akiba hurudishwa kwa njia nyingine, na iliyo rahisi ni idadi. Lebo inayosema 'boriti 50 × 150, kati kwa kati 400' ina taarifa za kutosha kwa mhandisi. Ikiongezwa 'jumla 10', inakuwa na ushahidi wa pili. Fundi wa mfano uliotangulia, aliyefika ukutani akiwa na boriti 9, sasa anayo sababu ya kusimama na kuuliza. Idadi hiyo sharti itoke kwenye sajili ya programu. Ikiandikwa kwa mkono kama maneno ya kawaida, mchoro utabadilika nayo itabaki pale pale ikidanganya, na uongo wa lebo ni mbaya kuliko ukimya wake.

Inabaki kuulizwa ni Kiswahili kipi. Kiswahili cha Lubumbashi kimechunguzwa kwa muda mrefu: Polomé alikiandikia makala mwaka 1968, Schicho alikitolea kitabu cha sintaksia mwaka 1982, na Kapanga akakiendeleza baadaye. Uchunguzi huo umeonyesha lugha yenye ngeli zilizopunguzwa majukumu, yenye ba- pale ambapo sanifu ina wa-, yenye ka- na tu- kwa udogo, na yenye 'ya' inayoelekea kuunganisha nomino za karibu kila ngeli. Lugha hiyo imekwisha kuandikwa na wenyewe. Vocabulaire ya mji wa Elisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, ambayo Fabian aliichapisha mwaka 1990, haikungoja ruhusa ya Dar es Salaam. Kwa mantiki ya mashine, 'ya' isiyobadilika ni zawadi: 'pao ya zamani' na 'kikingi ya zamani' zingechapishwa bila tatizo, na hakuna fundi wa Kenya ambaye angezitilia shaka. Mtahini wa chuo angezitia wino mwekundu.

Pande zote mbili zina haki, na lebo haifai kuwa uwanja wa ugomvi huo. Nyumba haiulizi upatanisho; inauliza mbao ipi iende wapi. Kwa kuwa viunganishi vinaweza kuachwa vyote bila kupoteza maana, viachwe, na karatasi itasomeka Katuba kama itakavyosomeka Kariakoo. Hoja hii haigusi jina. Katika jina hakuna kukwepa: 'boriti' halijulikani sawasawa kwa kila seremala wa Lubumbashi, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenye mkoko wa karibu, na 'shevroni' halijulikani Tanga. Warsha za istilahi zingetaka moja lishinde. Wanaofanya hivyo wanadhani kwamba jina na kitu vimegandamana, ilhali muundo wa programu unaonyesha vinginevyo.

Programu hiyo ina kitu kinachoweza kuitwa taarifa ya pamoja. Mchoraji akitaka lebo ionyeshe jambo ambalo programu haikulitayarisha, kwa mfano jina la kienyeji la mbao, huliandikisha kwanza katika faili maalumu ya maandishi. Humo kila taarifa hupewa jina, na zaidi ya jina hupewa namba ndefu ya utambulisho ambayo mtumiaji haioni mara kwa mara. Programu hutambua namba, haitambui jina. Ofisi mbili zikiunda kila moja taarifa iitwayo 'Jina la mbao', zikabadilishana michoro, lebo ya ofisi moja itatokea tupu kwenye boriti za ofisi nyingine, ingawa neno ni lile lile herufi kwa herufi. Wachoraji hulalamika kwamba programu ina kasoro. Mwanaisimu ataona homonimia ya kawaida: maumbo mawili yanayofanana yasiyo neno moja, kama Kenya ya Lubumbashi na Kenya ya Nairobi, ambazo barua hufika sehemu isiyotakiwa mpaka anwani iongezwe sehemu ya pili. Lililo la maana katika mpango huu ni upande wake wa pili. Ikiwa jina si kitu, basi kitu kimoja kinaweza kubeba majina mawili bila kuchanganyikiwa.

Hapo ndipo juhudi za idara za Kiswahili zingefaa kuelekezwa, kabla ya kutunga orodha nyingine ya istilahi za ujenzi. Kinachohitajika ni faili moja ya taarifa za pamoja, iliyokubaliwa na inayosambazwa bure, yenye taarifa chache tu: jina la kawaida, jina la mahali, kazi ya kiungo, na awamu. Jina la kawaida lifuate ngazi iliyorekebishwa kutoka pwani, ambapo mhimili hubeba boriti, boriti hubeba dari au sakafu, na pao hubeba mabati, bila neno moja kukalia viti viwili. Jina la mahali liachiwe watu wa mahali. Mazio na banaa hayatarudi kazini, kwa sababu mbao za leo hupasuliwa kwa mashine na vipimo vyake husemwa kwa tarakimu, na hakuna haja ya kuyafufua kwa ajili ya fahari. Mafundi wasomewe lebo hizo kabla ya kuidhinishwa, wala si baada, na waulizwe jambo moja: watakata mbao ngapi?

Zikiandaliwa lebo mbili juu ya faili hiyo, moja inayotoa jina la kawaida na nyingine inayotoa jina la mahali, karatasi ya dari ya nyumba moja inaweza kuchapishwa ikiwa na 'boriti 50 × 150, kati kwa kati 400, jumla 10' kwa mhandisi wa Dodoma, na ikiwa na 'shevroni' au 'madriye' mahali pa neno la kwanza kwa seremala wa Kenya. Boriti iliyo chini ya maneno hayo haibadiliki hata milimita, na kubadilisha lebo moja kwa nyingine katika karatasi nzima ni kazi ya dakika chache.